Mkristu Mbele ya Sanduku la Kura
Juu ya kiapo, zawadi na zamiri

Mwezi wa Desemba 2023, siku chache mbele ya uchaguzi, mama mmoja wa upande wa Lubudi alitujia nyuma ya Misa ya asubui. Tulikuwa tungali tumesimama mbele ya mlango wa kanisa. Twaandika neno hili wazi ili wasomaji wetu wasifikiri ya kuwa tumetoa siri ya kitubio: alisema hapo mlangoni, kwa sauti ya kawaida, na baadaye alituruhusu kuandika, ila jina lake tusilitaje.

Habari yake ni hii. Watu wa mkandida mmoja walikuwa wamepita katika nyumba za jirani wakigawa vikwembe, na kwa kila nyumba mfuko mmoja wa simenti. Lubudi ni mji wa reli na wa kiwanda cha simenti. Watu wake wanajua bei ya mfuko, na wengi wao wanajenga nyumba kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule ukuta. Basi zawadi ile haikuwa ndogo. Lakini nyuma ya kugawa, waliwakusanya kina mama katika nyumba moja, wakaleta Biblia, na kila mmoja akaweka mkono juu yake akaapa ya kuwa siku ya uchaguzi atafinya numero ya mkandida yule, si nyingine.

«Baba padri, akasema, mtu yule twamjua. Alipokuwa na kazi mkononi, hakutufanyia neno. Nikimchagua, nawaumiza watoto wangu. Nisipomchagua, nimeapa kwa Biblia, na Mungu ataniazibu. Nifanye nini?»

Tulimjibu kwa haraka, maana watu wengine walikuwa wakingoja: «Mama, kiapo hicho hakikufungi. Chagua kwa zamiri yako.» Akashukuru, akaenda. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Tangu siku ile tumelirudilia mara nyingi, kwa sababu tunaona ya kuwa ndani ya swali la mama yule mnakutana karibu maneno yote ambayo wakristu wetu wanafikiri juu ya uchaguzi na juu ya wakubwa wa inchi. Wengi husema imani na politiki ni vitu viwili mbalimbali. Katika moyo wa mtu wa kijiji haviko mbalimbali hata kidogo. Anapoingia kupiga kura, anaingia na Mungu wake, na hofu yake, na mambo aliyofundishwa katika katekismu, pamoja na yale ambayo hakuna mtu aliyemfundisha bali aliyasikia tu.

Utawala watoka kwa Mungu: namna gani?

Neno la kwanza ambalo waamini wetu wanalijua juu ya serikali ni lile la Paulo kwa Waroma, sura ya 13, anapofundisha ya kuwa utawala wote watoka kwa Mungu. Wakandida pia wanalijua, tena wanalipenda kuliko maneno yote mengine ya Biblia. Kutoka hapo watu wanafika upesi kwenye mawazo mawili. Wengine wanasema: «Mungu amekwisha kumchagua Raisi, kura zetu ni desturi tu», nao wanakaa nyumbani. Wengine wanasema: «Aliyeshinda, Mungu ndiye aliyemweka, kumuuliza juu ya feza za watu ni kumpinga Mungu.» Na siku hizi kuna manabii wanaosema mbele ya uchaguzi ya kuwa wameonyeshwa jina la mshindi katika maono. Hatutaki kuwacheka. Tunaona tu ya kuwa mara nyingi jina wanaloonyeshwa ni la mtu mwenye nguvu tayari.

Mawazo hayo hayakuanza leo. Kwa Baluba, mulopwe hakuwa mtu wa kuchaguliwa kama karani. Ukubwa wake ulikuwa na utakatifu, ulikuwa katika damu. Kule Bunkeya, Bayeke wanamheshimu Mwami wa ukoo wa Msiri hata leo, ijapokuwa Msiri mwenyewe aliuawa tangu Desemba 1891. Hatusemi heshima hiyo ni mbaya. Lakini mtu aliyelelewa hivi, akisikia neno «Raisi» au «mbunge», anaelewa mulopwe: mtu wa kupigiwa magoti, anayegawa chakula, asiyeulizwa hesabu. Kisha ikaja serikali ya Mobutu, ikaipenda sana fikira hiyo. Katika uchaguzi wa 1970 mkandida alikuwa mmoja tu. Mtu alipewa karatasi ya majani mabichi kwa kusema ndiyo, au nyekundu kwa kusema hapana, na kila mtu aliona rangi uliyoshika. Mwaka 1972 walitaka vijana wa chama, JMPR, waingie hata katika seminari zetu. Maaskofu walikataa kwanza, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Wazee wanaochagua leo walijifunza kuchagua katika shule hiyo.

Sasa mafundisho ya Eklezya ni gani? Utawala watoka kwa Mungu, ndiyo: maana yake, Mungu aliumba watu wakae pamoja, na watu hawawezi kukaa pamoja bila mwenye kuongoza. Lakini nani ataongoza, Mungu hakumtaja kwa jina. Mtakatifu Roberto Bellarmino aliandika zamani ya kuwa uwezo huo Mungu aliupa watu wote, nao wanauweka katika mikono ya mmoja au ya wengi. Papa Leo XIII, katika barua yake Diuturnum ya mwaka 1881, alishika njia nyingine kidogo: watu wanamchagua mtu, ila haki yenyewe ya kutawala yatoka kwa Mungu. Waseminari wanaopenda mabishano wana kazi nzuri hapo. Lakini wote wawili wanakubali ya kuwa kumchagua mtu kunaweza kuwa kazi ya watu. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 75, unawakumbusha raia ya kuwa kupiga kura kwa uhuru ni haki yao na ni wajibu wao, kwa ajili ya mema ya wote.

Kwa katekista ambaye hana wakati wa Bellarmino, kuna Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane walikuwa wanasahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakungoja maono. Waliambia jamaa ya waamini watafute watu saba wenye sifa njema na hekima. Watu wakawachagua, ndipo mitume wakaweka mikono. Wasomaji waangalie vizuri: neno lilianza na manunguniko juu ya chakula, likaisha na uchaguzi wenye masharti. Roho Mtakatifu hakuona haya kupita katika njia hiyo. Na kwa wale wanaosema mshindi hawezi kuulizwa, kuna Sauli: Mungu mwenyewe alimchagua, Samweli akampaka mafuta, na hata hivyo alikataliwa kwa ajili ya matendo yake.

Mtu wetu

Wazo lingine ni la kusema: «Tumchague mtu wetu.» Wa kabila letu, au wa kanisa letu. Wengi wanaogopa zaidi hili la kanisa, lakini historia ya Katanga inatuonyesha ya kuwa kabila lina nguvu kuliko ubatizo. Katika uchaguzi wa Mei 1960, vyama viwili vilishindana hapa kwetu: CONAKAT ya Moïse Tshombe, na BALUBAKAT ya Jason Sendwe pamoja na wenzake wa kartel. Tshombe na Sendwe wote wawili walilelewa na misioni ya Wametodisti. Kanisa moja, zaburi moja. Katika baraza la provensi lenye viti 60, CONAKAT ilipata 25, kartel 23. Na nyuma ya kujitenga kwa Katanga, tarehe 11 Julai 1960, damu ilimwagika kaskazini kati ya watu waliokuwa wamekaa pamoja kwenye mabenchi ya kanisa. Godefroid Munongo, mzaliwa wa Bunkeya, wa ukoo wa Msiri, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe. Eneo la Lubudi, ambamo Baluba, Basanga na Bayeke wanakaa karibu karibu, halihitaji mwalimu wa kulieleza maana ya mambo hayo.

Ikarudi tena. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa, ambao mwenyekiti wake alikuwa Askofu Laurent Monsengwo, ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Ilikuwa kura ya mkutano, iliyopigwa mbele ya watu. Lakini huku kwetu ilisomwa kama kabila moja limeshinda lingine, na wakubwa wengine walichochea moto. Likasi mwaka ule, na Kolwezi mwaka 1993, watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, wengi wakafa kwa magonjwa na njaa. Waliofukuza na waliofukuzwa walibatizwa kwa maji yale yale. Yafaa padri kijana anayetumwa katika parokya ya mji wa migodi ajue habari hiyo mbele ya kufungua kinywa juu ya uchaguzi, kwani wenye kumsikiliza hawakuisahau.

Juu ya «mtu wa kanisa letu» tuseme neno moja la ukweli dhidi yetu wenyewe. Mwaka 2006 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alikuwa padri wetu, Apollinaire Malumalu. Mwaka 2011 alikuwa Daniel Ngoy Mulunda, mchungaji wa Wametodisti, mtoto wa Katanga. Mara ya kwanza wakatoliki wengi waliona ya kuwa kumweka mtu wa Mungu mahali pale ni jambo jema. Mara ya pili waliuliza kwa nini mchungaji anaingia katika politiki. Waprotestanti walifanya hivyo hivyo upande wao. Kura haihesabiwi vizuri kwa ajili ya kanzu. Mwaka 2021 ilipokuwa lazima dini nane za inchi zipatane juu ya mwenyekiti mpya, zilishindwa: sita zilimtaka Denis Kadima, na Maaskofu wetu pamoja na Waprotestanti wa ECC walikataa. Alipewa kazi ile kwa kauli ya zile sita. Waamini walitazama wachungaji wao wakibishana, na hatudhani ya kuwa imani yao juu ya kura iliongezeka.

Kazi iliyoongeza imani ni nyingine, nayo ilikuwa ya watu wadogo. Mwaka 2011 Baraza la Maaskofu, CENCO, lilituma waangalizi 30.000, na Kardinali Monsengwo alisema wazi ya kuwa matokeo yaliyotangazwa hayapatani na ukweli wala na haki. Desemba 2018 waangalizi walikuwa karibu 40.000, mwezi uliofuata Maaskofu walisema ya kuwa matokeo ya CENI hayalingani na yale yaliyokusanywa na watu wao. Mwaka 2023 wakatoliki na Waprotestanti walifanya kazi hiyo pamoja. Walitaja makosa mengi, na pia hawakuficha ya kuwa mkandida mmoja alikuwa amepita nusu ya kura, mbali na wenzake. Nani walioandika hesabu hizo? Makatekista, walimu, kina mama wa mashirika, waliosimama mchana na usiku katika masomo yaliyogeuzwa kuwa nyumba za kura, bila umeme, na mvua za Desemba, wakinakili karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni. Mtu aliyefanya kazi hiyo mara moja hasemi tena ya kuwa Mungu amekwisha kuchagua. Ameona jinsi kura zinavyohesabiwa, na jinsi zinavyoweza kupotea.

Kiapo na mfuko wa simenti

Turudi kwa mama yetu. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 inasema katika kanuni 1200 ya kuwa anayeapa kwa uhuru kufanya neno amefungwa na wajibu wa dini. Lakini kiapo kilichotolewa kwa hila, kwa nguvu au kwa hofu kubwa si kitu. Kanuni 1201 inaongeza: kiapo kikiwekwa juu ya tendo linaloelekea moja kwa moja kudhuru wengine, au mema ya wote, au wokovu wa milele, hakilipi tendo lile nguvu yoyote. Basi tuulize: kuuza kura kunadhuru mema ya wote? Tunasema ndiyo, hata kama mkandida angekuwa mtu mwema. Kura si kama kuku wangu, ambaye naweza kumuuza kwa ninayempenda. Ni kazi niliyopewa kwa ajili ya wengine, kama kazi ya shahidi mbele ya hakimu. Shahidi aliyelipwa, hata akisema kweli, ameharibu ushuhuda. Kwa hiyo mama hakufungwa. Mungu anaona ndani ya chumba cha kura, ndiyo, lakini Mungu si wakili wa mkandida.

Je, alitenda zambi kwa kuapa? Kuapa bure kwa jina la Mungu ni zambi. Lakini alizungukwa na watu, alishitukizwa, hakujua. Mwungamishaji asimtese. Zambi kubwa iko kwa walioleta Biblia.

Na mfuko? Hapo ndipo jibu letu la asubui ile lilipungua. Wahubiri wengine wamezoea kusema: «Wakiwapa, kuleni, kisha chagueni mnayemtaka.» Watu wanacheka na kupiga makofi. Tunaelewa kwa nini wanasema hivyo: maskini hana nguvu ya kukataa, na feza zile mara nyingi ni za watu wenyewe. Lakini hatupendi mafundisho hayo. Yanamfundisha mkristu kutoa neno na kuligeuza, na mkandida naye anajifunza: mara nyingine hagawi tena bila kiapo, au anadai mtu apige picha ya karatasi yake kwa simu. Tangu 2018 tunachagua kwa mashini: unafinya sura ya mkandida, mashini inachapa karatasi, unaitia katika sanduku. Ni rahisi sana kwa aliyeogopeshwa kuamini ya kuwa mashini itamshitaki. Tena mkandida aliyenunua kura anasema moyoni amekwisha kulipa deni lake. Atakapoombwa barabara au dawa za hospitali, atajibu: mlikula.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mbele ya kuahidi, mtu akatae, na yafaa zaidi wakatae kwa shirika zima, maana mama mmoja peke yake akikataa, kesho anaitwa adui. Aliyekwisha kupokea, kama anaweza kurudisha bila hatari, arudishe. Kama hawezi, asimchague kwa ajili ya zawadi, wala asimkatae kwa ajili ya zawadi. Na kitu kile akitoe kwa maskini kuliko yeye. Padri mwenzetu mmoja alitupinga: alisema maskini kuliko mama yule ni vigumu kumpata. Pengine ana haki.

Tusimwachie mama mzigo huu peke yake. Mwezi wa Machi 2019, wabunge wa provensi walipochagua maseneta, maneno ya feza yalienea hata Raisi akasimamisha kwa muda kuingia kwa maseneta wapya. Mwezi wa Januari 2024 CENI ilifuta kura za wakandida 82 kwa ajili ya udanganyifu, rushwa na vitendo vya nguvu. Hao si watu wa mfuko mmoja wa simenti.

Na sisi mapadri? Katazo la kuingia katika vyama na serikali tunalijua, kanuni 285 na 287. Lakini kuna mlango mwingine, mdogo. Mkandida anakuja Misa ya dominika, anakaa benchi la kwanza, na wakati wa matoleo anatoa mabati ya paa la kanisa, au simenti ya nyumba ya mapadri. Paa linavuja kweli. Padri anashukuru kwa kipaza sauti, anataja jina, watu wanapiga makofi. Hakusema «mchagueni», lakini kila mtu amesikia. Tumefanya hivyo sisi pia, mwaka ambao hatutautaja, na paa lile lingali linatukinga na mvua. Siku hizi tunaomba kila zawadi ya mkandida ingoje mpaka nyuma ya uchaguzi. Wengi wao hawarudi tena.

Mama yule alikuja kutuona mwezi wa Februari 2024. Hatukumuuliza alichagua nani, naye hakusema. Mfuko alikuwa ameuleta kwanza kwa mwenye kiti wa shirika, akaogopa kuupokea. Akaupeleka kwa wale waliougawa, wakamwambia mkubwa wao amekwisha kwenda Kolwezi. Akauweka barazani, na mvua ikaunyeshea. Umekuwa jiwe, wajukuu wanaukalia wakila bukari.

Uchaguzi mwingine, kwa hesabu ya miaka mitano, ni wa mwisho wa 2028. Mapadri na makatekista wanaopata maswali ya namna hii, hasa juu ya viapo na juu ya simu katika chumba cha kura, tunawaomba watuandikie mambo yalivyo, bila majina, tupate kuyachungua pamoja na waseminari mbele ya wakati.